Goti la Kinyozi

Kwao wanamwita Nyoosha. Jina hilo hakupewa na adui. Alipewa na kaka zake watatu, siku aliyotangaza sebuleni kwamba anarudi shule kusomea udaktari bingwa. Mama alipiga makofi kabla hajasikia ni ubingwa wa nini. Baba, ambaye alishawaambia majirani wote kwamba bintiye atakuwa daktari wa upasuaji, aliweka kikombe chini akauliza. Ndipo binti akaeleza: tiba ya utengamao. Mtu amepigwa na kiharusi, au amevunjika uti wa mgongo, au amekatwa mguu, sasa anasaidiwa arudi kwenye maisha yake. Ale mwenyewe, avae mwenyewe, aende kazini. Kisha kaka mkubwa akasema, "Yaani miaka yote hiyo ya udaktari, halafu unaenda kusomea kunyoosha watu?" Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na jina likaganda hapo hapo.

Tangu siku hiyo hakuna mkusanyiko wa familia usiokuwa na mgongo wa kunyooshwa. Shangazi yake mmoja ana tabia ya kumwekea mguu mapajani wakati Nyoosha bado ana sahani mkononi. "Nyoosha mwanangu, hebu nitazame hapa kwenye kisigino, panawaka moto." Mimi ningekuwa yeye ningeumwagia mchuzi ule mguu. Yeye huweka sahani chini, akautazama.

Msidhani ni mpole. Nyoosha ni kitinda mimba, na kitinda mimba aliyekulia chini ya kaka watatu ama huwa mtu wa kulialia ama huwa mbishi. Huyu alitoka mbishi, na ubishi ndio uliompeleka kwenye kazi ile. Alipokuwa daktari mpya kabisa, aliambiwa amruhusu mama mmoja aende nyumbani. Mama yu hai, presha imeshuka, wodi nzima inajipongeza. Ila hawezi hata kujigeuza kitandani. Nyoosha akamwuliza mkubwa wake, "Sasa huyu ataishije?" Mkubwa akajibu huku anasaini faili, "Kazi yetu ilikuwa asife. Hayo mengine si yetu." Basi ni ya nani? Swali hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akawa anamwuliza kila mtu, hadi mfagizi mmoja akamwelekeza nyuma ya jengo la eksirei, kwenye idara ambayo madaktari wengi wa hospitali ile hawakuwahi kuingia.

Idara yenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Kuna vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, ngazi ya mbao isiyokwenda popote, magodoro ya bluu, na jiko dogo la kujifunzia kupika kwa mkono mmoja. Mgeni akichungulia hudhani ni chekechea ya watu wazima. Mwaka wa Nyoosha, madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa pale walikuwa wawili tu: yeye na mwenzake mmoja asiye na haraka na jambo lolote duniani, ambaye wauguzi walimbatiza Taratibu. Juu yao alikuwepo Prof, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na ndiyo maana walimwogopa.

Kinyozi alikuja Nyoosha akiwa mwaka wa pili. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, nywele zake mwenyewe zimepungua, ana utani wa watu wanaozungumza na wateja kutwa. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Aliponea chupuchupu, akajiokota mwenyewe bila kupita idara yoyote, akarudi kazini na mguu uliokakamaa kama mchi. Alitembea kwa kuuzungusha kutoka kiunoni, jinsi unavyofungua geti lililochakaa bawaba. Lakini alifika alikokwenda. Kilichomleta hospitali ni jambo jingine.

"Usiku kigimbi kinanikaba, dokta," alisema. "Vidole vinajikunja, kisigino hakigusi chini. Nalala kama mtu anayepigana na mguu wake mwenyewe. Mke wangu amehamia chumba cha watoto."

"Nimehama, ndiyo," mkewe akadakia. "Mtu anapiga mateke kama punda, nikae ningoje nini?"

Prof alimpima, akaamua: sindano ya kulainisha msuli, kwenye kigimbi peke yake. Nyoosha alikuwa ameshachoma sindano kama hizo mara nyingi akisimamiwa, kwa hiyo akaachiwa kazi. Prof akasafiri kwenda kwenye mkutano.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa lenyewe ni la watu wa kazi ile tu. Dawa hiyo huja kwenye kichupa kidogo, unga mkavu. Ukishaichanganya, uitumie siku hiyo hiyo, la sivyo ni ya kumwaga. Tena ni adimu kama nini. Idara ilipata vichupa vichache mno, ikawa wagonjwa wawili wanapangiwa kichupa kimoja, asubuhi moja. Siku hiyo mgonjwa wa pili hakutokea. Simu yake haikupatikana. Nyoosha akamaliza kigimbi cha kinyozi, na muuguzi akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Dokta, na hii iliyobaki?"

Nyoosha alikitazama kichupa kama mama anayetazama wali uliobaki sufuriani. Kumwaga? Dawa ambayo watu wanaisubiri miezi na miezi? Akaweka mkono kwenye paja la kinyozi, pale alipolala. Lilikuwa gumu kama ubao. Akawaza: si ndiyo maana goti halikunjiki, si ndiyo maana anauzungusha mguu? Akapiga hesabu ya dozi, akaona haijavuka mpaka.

"Baba, na paja hili linakukaza?"

"Mguu mzima mbao, dokta."

"Nikulainishie na hapa?"

"Sasa unaniuliza? Weka, weka."

Akaweka. Akaandika kwenye faili kila alichofanya, akaosha mikono, akaenda kunywa chai moyo wake mweupe. Jamani, ubahili wa mtu mwema! Mtu asiyejali angemwaga dawa ile akajiendea zake, na kinyozi angeendelea kunyoa watu.

Dawa hiyo haifanyi kazi siku ile ile, huchukua muda. Wiki ya pili kinyozi akarudi, na hakurudi kwa miguu. Aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amechubuka kipaji cha uso, anasukumwa na shemeji yake, yaani kaka wa mkewe, ambaye ndiye mwenye banda la kunyolea.

"Kigimbi kimetulia, sikatai," kinyozi alisema, na safari hii hakukuwa na utani sautini. "Mke amerudi kitandani. Lakini goti limekufa. Nilikuwa namnyoa mtu, likakunjika. Mteja akanidaka, ana kitambaa shingoni na nusu ya kichwa haijaguswa. Mteja wangu, dokta! Ndiye aliyenibeba."

Nyoosha akamsimamisha kati ya vile vyuma viwili. Alipomwambia akanyage mguu wa kushoto, goti lilikwenda mbele kama kisu cha kukunja, na kama asingemshika angekwenda chini. Akaelewa palepale. Tangu kiharusi, msuli wa paja ulikuwa dhaifu. Ule ugumu, ule ugumu mbaya aliouona kitandani, ndio uliokuwa ukifanya kazi ya nguvu. Ulikuwa ndio nguzo ya yule mtu. Yeye ameiona nguzo imekaa vibaya, akaing'oa.

Angeweza kuzunguka. Wapo madaktari wanaojua kuzunguka, anakwambia "mwili wako umeipokea dawa tofauti" na unaondoka unamshukuru. Nyoosha akamketisha, akavuta kiti, akakaa usawa wa macho yake.

"Baba, kosa ni langu. Niliambiwa nichome kigimbi. Paja niliongeza mwenyewe, kwa sababu dawa ilibaki. Ugumu ule ndio uliokuwa unakusimamisha, na mimi sikulijua hilo."

Kinyozi aliutazama mguu wake. "Kwa hiyo mguu ulikuwa mbovu kwa faida yangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ukauponya."

"Ndiyo, baba."

"Haya," akasema, akijipangusa uso kwa kiganja. "Basi sasa niponye na huo uponyaji."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa biashara. "Mimi simlaumu mtu," alisema. "Banda lina viti viwili. Kiti kikikaa bure, wateja wanahama. Huyu ni mume wa dada yangu, nitamngoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukipita, namweka kinyozi mwingine, na nikishamweka mtu siwezi kumtoa." Hapo Nyoosha akajua kilichomo mkononi mwake. Kazi ya mtu ilikuwa inaning'inia kwenye goti alilolilegeza yeye.

Prof aliporudi, Nyoosha alikwenda mwenyewe ofisini kabla hajaitwa. Alikuwa amejiandaa kwa ngurumo. Haikuja. Prof alivaa miwani, akasoma faili yote, akaanza kuuliza kwa sauti ile ile ya chini.

"Akiwa kazini, uzito anauweka mguu upi?"

"Sijui, Prof."

"Mkono wa kushoto anautumiaje?"

"Sijui."

"Kiti cha mteja kiko juu kiasi gani? Anakizungukaje?"

"Sijui, Prof."

"Ulimpima akiwa amelala."

"Ndiyo."

"Kwani ananyoa amelala?" Prof akafunga faili. "Karipio nitaliandika, hilo lako. Lakini karipio halimsimamishi mtu. Utamsimamisha wewe. Wodi huachi, zamu huachi, darasa huachi. Sijui utapata wapi muda, wala sitaki kujua."

Nje akamkuta Taratibu, ameshapata habari zote. Hospitali haina siri. "Mbona unajitesa?" akamwambia kwa upole. "Dawa yenyewe inaisha nguvu, miezi mitatu hivi. Mguu utakaza tena, atasimama kama zamani. Tulia tu." Na hilo lilikuwa kweli, ndilo lililomchoma zaidi. Angeweza kukaa, akangoja, na kosa likajifuta lenyewe. Ila miezi mitatu ingemkuta kinyozi bila kiti. Halafu mtu aliyeanguka mbele ya wateja wake, ukimwacha akae ndani miezi mitatu, hainuki tena. "Wewe ngoja," alimjibu mwenzake. "Mimi namsimamisha."

Siku yake ya mapumziko akaenda bandani. Ni chumba kimoja kando ya barabara, vioo viwili ukutani, redio juu ya rafu, vigae vya sakafuni vinavyoteleza nywele zikishaanguka. Nyuma ya kiti cha kinyozi palikuwa pembamba, mtu hupita kwa ubavu. Shemeji akakalishwa kama mteja. Kinyozi, kwenye kiti chake cha magurudumu, akawa anaelekeza: "Mimi husimama hapo. Mguu mbovu mbele, umeukaza. Mkono wa kushoto hauna vidole vya maana, lakini mgongo wake unatosha kumwinamisha mtu kichwa. Halafu unazunguka. La, si hivyo! Kwa nyonga, kwa nyonga!" Nyoosha akazunguka kwa nyonga, goti amelikaza, chanuo mkononi. Kabla hajamaliza nusu ya kichwa cha shemeji, kiuno kilikuwa kinawaka moto, na nje ya mlango watu wawili walikuwa wamesimama wanamshangaa. Akamheshimu mzee yule kwa namna mpya kabisa.

"Hatuwezi kukuwekea stuli ndefu?" aliuliza.

"Stuli?" Kinyozi aliruka karibu asimame bila goti. "Kinyozi aliyekaa! Utosi wa mteja nitauona kwa darubini? Dokta, niue lakini usinikalishe."

Basi wakaanza. Kila asubuhi, kabla wodi haijaamka vizuri, shemeji humleta akamwacha. Mwanzoni Nyoosha alimfungia plasta ngumu nyuma ya goti ili lisikunjike, akamsimamisha tu, ashinde amesimama anatazama dirishani. Kisha kuinuka kutoka kitandani na kukaa, kuinuka na kukaa, kitanda kikishushwa kidogo kila alipozoea. Chini ya ule ugumu uliotoweka kulikuwa na msuli ambao haukuwa umeitwa kazini tangu siku ya kiharusi. Ulikuwa umelala usingizi wa pono. Kuuamsha ilikuwa kazi ya jasho na matusi, na matusi yote ni ya kinyozi.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyewasimamia alikuwa pande la mtu, wote wakimwita Kocha. Huyu hakumkemea mgonjwa, alimkemea daktari. Kila goti lilipotetemeka, mikono ya Nyoosha iliruka yenyewe kwenda kulidaka. "Toa mikono!" Kocha alikuwa akinguruma. "Ukilishika wewe, goti linajua lina mtumishi. Mtu amesimama, mwache asimame!" Akamlazimisha atie mikono mifukoni mwa koti. Hakuna kilichomwuma Nyoosha mwaka ule kama mikono ile kukaa mifukoni.

Kifaa nacho kilikuwa na hadithi yake. Fundi wa vifaa vya viungo alitengeneza bamba la plastiki la kushika kifundo cha mguu, lililopangwa kwa namna ambayo kila mtu anapokanyaga nalo, goti husukumwa nyuma, lisikunjike. Cha kwanza kikamchuna ngozi. Cha pili kikapasuka. Fundi akasema ana watu wengine wanaomngoja. Nyoosha akaenda kukaa karakanani kwake, kwenye benchi, katikati ya miguu ya bandia iliyotundikwa, akatoa kitabu akawa anasoma kwa ajili ya mtihani. Fundi akamwuliza anangoja nini. "Cha tatu," akajibu, wala hakuinua macho. Kikatoka. Hicho kikakaa.

Hapo ndipo kinyozi alipoacha kuja. Asubuhi moja hakuonekana, ya pili hakuonekana, simu hapokei. Jioni Nyoosha alipotoka zamu akaenda kwake. Mke alimfungulia, akamwonyesha chumba kwa kidevu. Kinyozi alikuwa amelala, ameelekea ukutani, kifaa kimetupwa chini ya meza.

"Dokta, nakuheshimu," alisema bila kugeuka. "Lakini tusidanganyane. Wewe unataka kufuta kosa lako. Mimi nimechoka, nataka kulala."

Maneno yale yalimpata. Alikaa ukingoni mwa kiti, aibu imempanda mpaka masikioni, kwa sababu yalikuwa kweli. Alitaka kulifuta. Alikuwa akilala nalo na kuamka nalo. Akatamani aage aondoke. Lakini ule ubishi wa sebuleni kwao ukamfungua mdomo.

"Ni kweli, baba. Nataka kulifuta, tena sana. Ila fikiria hili. Tukishindwa, mimi karipio langu limeshaandikwa, kesho nitavaa koti niitwe dokta kama kawaida. Wewe, shemeji atamweka mtu kwenye kiti chako. Kosa ni langu, hasara ni yako. Mimi nalionea uchungu jambo hilo, sipendi liwe hivyo, na ndiyo maana nimekuja kukusumbua nyumbani kwako."

Kinyozi akageuka taratibu. "Una mdomo mbaya wewe."

"Nimelelewa na kaka watatu."

"Pole yao." Akakohoa, na kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake.

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza pazia mkononi, hakungoja zaidi. Akainama chini ya meza, akakitoa kile kifaa, akakiweka juu ya kifua cha mumewe. "Mimi nilivumilia mateke. Wewe vumilia mazoezi. Kesho alfajiri nakuamsha, na ole wako."

Baada ya hapo mambo yalikwenda, si kwa urahisi, lakini yalikwenda. Walimkalisha Taratibu kwenye kiti kati ya vile vyuma, kinyozi akimnyoa hewani, mashine imezimwa, amesimama na kifaa chake, anazunguka. Walimwaga nyuzi zilizokatwakatwa sakafuni ili azoee utelezi. Taratibu alisema hajawahi kuwa na manufaa kiasi hicho katika masomo yake yote. Ukibonyeza paja la kinyozi sasa, ulikuta msuli unaojibu. Haukuwa ule ubao wa zamani, na aliukaza mwenyewe, kwa hiari yake.

Mwisho wa mwezi aliousema shemeji ukafika. Wakaenda bandani wote, Nyoosha, kinyozi na mkewe. Kinyozi aliingia kwa miguu yake, fimbo mkono wa kulia, akaiegesha ukutani, akasimama nyuma ya kiti chake. Shemeji akatazama lile goti, akatazama mashine, akatikisa kichwa.

"Kusimama amesimama, namshukuru Mungu. Lakini mteja si ukuta. Nitajuaje hatamwangukia mtu, mashine sikioni? Nani atakubali kuwa wa kwanza?"

"Ninyoe mimi," Nyoosha akasema.

Kinyozi akamtazama. Nyoosha alikuwa na nywele nene za kujaa viganja viwili, zilizokuwa zikimshinda mama yake kuchana tangu utotoni. "Dokta, hizo nywele..."

"Zitaota. Baba, nywele zinaota. Ninyoe, ziwe fupi kabisa." Akakaa, akajivuta kitambaa mpaka shingoni.

Mashine ikalia. Upande wa kulia ulikwenda vizuri, nywele zikianguka mapajani kwa mafungu. Mgongo wa mkono wa kushoto ulimwinamisha kichwa kwa upole, kwa uzoefu. Kisogoni vizuri. Kisha kinyozi akaanza kuzunguka kwenda kushoto, pale penye wembamba, na nywele zilikuwa zimeshajaa vigaeni. Kwenye kioo Nyoosha aliona bega la mtu yule likishuka ghafla. Goti lilikuwa linakwenda. Mashine ikamng'ata juu ya sikio.

Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuruka. Alijua sehemu ya kumshika, alijua namna ya kumshusha bila kuumia. Mke pale mlangoni alishaziba mdomo. Nyoosha akaing'ang'ania mikono ya kiti chini ya kitambaa, kucha zikazama, akabaki amekaa. Kwenye kioo alimwona kinyozi akifumba macho, akibana meno, akikikandamiza kisigino chini kama mtu anayezima kiberiti. Paja likajikaza. Goti likarudi nyuma. Bega likapanda mahali pake.

"Usitikisike, dokta," kinyozi akasema, anahema. "Sijamaliza."

Akamaliza. Alipopangusa shingo na kuzima mashine, ndipo alipoiona ile sehemu juu ya sikio la kushoto, kipara cheupe ukubwa wa ukucha wa gumba. Uso ukamsawijika. "Nimekuharibu. Miaka yangu yote ya kazi sijawahi. Nikikisawazisha itabidi nikunyoe upara."

Shemeji akasogea, akageuza kichwa cha Nyoosha kulia na kushoto kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akapita kidole penye kile kipara. "Mimi nina miguu miwili mizima," akasema, "na juzi nimemkata bwana harusi sikio, damu mpaka kwenye kola. Nani kanifukuza?" Akachukua ufagio, akaanza kufagia nywele zilizokuwa chini ya miguu ya kinyozi. "Kesho uwahi. Mimi sifungui peke yangu." Mke akaketi kwenye benchi la wateja, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya kupita wodini na Prof. Wauguzi walikuwa wameshamcheka Nyoosha kuanzia getini. Prof alifika kitanda cha kwanza, akafungua faili, akaivaa miwani, na macho yake yakagota juu ya sikio la kushoto la mwanafunzi wake. Akaishusha miwani, akaivaa tena.

"Nani kakunyoa hivyo?"

"Kinyozi wangu, Prof," Nyoosha akasema. "Akiwa amesimama."